Njia Imngojayo Mwenyewe

Msomaji, nataka tutazame pamoja swali moja ambalo kwa sura ni la barabara, lakini ndani yake ni la haki. Tuseme jiji limejenga njia ya treni za mjini, zile treni nyepesi ziendazo kwa umeme, kama zilizoanza kazi Addis Ababa mwaka 2015. Reli zimelazwa, ukingo wa saruji umejengwa pande zote mbili, na amri imetolewa kwamba hapana chombo kingine kitakachopita hapo. Walakini treni zenyewe hazijafika. Yamkini zingali zinaundwa ng'ambo. Yamkini fedha hazijatimia. Yamkini mafundi hawajamaliza majaribio yao. Kando ya njia hiyo tupu mabasi yamesongamana, yamejaa watu hadi mlangoni, na mwendo wake ni wa kobe. Je, mabasi yaruhusiwe kupita katika njia ya treni mpaka treni zije? Au njia iachwe tupu, imngoje mwenyewe?

Usiniambie kwamba hilo ni jambo la wahandisi peke yao. Mhandisi aweza kukuambia kama basi litapita bila kuharibu kitu. Hawezi kukuambia kama ni haki lipite, wala kama ni haki lizuiwe. Hayo tumeachiwa sisi tusafirio, nawe si muda mrefu utakuwa mmoja wetu, tena mwenye kura mkononi.

Sisi wa Bahati hatuna treni za namna hiyo. Tunazo matatu zipandazo kutoka Nakuru kupitia Maili Sita, na reli yetu ni ile ya kale iliyofika Nakuru mwaka 1900, ambayo mji wenyewe ulikulia kando yake. Hata hivyo swali hili limekwisha bisha hodi katika nchi zetu, ila limevaa nguo nyingine. Mwenye njia anayengojwa si treni bali ni basi kubwa la mwendo wa haraka. Naye aombaye kupita ni matatu, au daladala.

Mpwa wangu alisoma katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi, nami nilikwenda kumtazama mara kadhaa. Chuo kiko kando ya barabara ya Thika, ile barabara pana iliyofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa. Mwaka 2019 ulipoingia, serikali ilikuwa imekwisha amua kwamba safu moja ya barabara hiyo, upande wa ndani, itakuwa ya mabasi makubwa yaendayo haraka, na mstari mwekundu ukapakwa kuitenga. Mstari ulionekana, mabasi hayakuonekana. Miaka mitano ikapita, na mwaka 2024 mabasi hayo yalikuwa hayajaanza kazi bado. Wakati huo wote kila mwenye gari alipita juu ya mstari ule kama apitavyo juu ya kivuli. Hapana aliyemruhusu, na hapana aliyemkataza kwa dhati. Rangi ikafifia polepole, kama ifanyavyo rangi yoyote ikanyagwayo.

Dar es Salaam mambo yalikuwa kinyume chake. Huko njia za mabasi yaendayo haraka, ambayo wenyeji huyaita mwendokasi, zimejengwa kwa zege na kutengwa kwa ukingo. Safari za kwanza, kati ya Kimara na katikati ya jiji, zilianza Mei 2016. Kisha ikajengwa njia ya pili kuelekea Mbagala, katika barabara ya Kilwa, na kazi hiyo ilianza mwaka 2019. Mwaka 2024 zege lilikuwa limelala tayari na vituo vimesimama, lakini mabasi yalikuwa hayajaja. Mkazi wa Mbagala aliyesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala, uso wake umebanwa kwenye dirisha, aliweza kuitazama njia nzuri iliyojengwa kwa ajili yake, imenyooka, safi, tupu. Safari za njia hiyo zilianza mwaka 2025.

Basi, hapa tunazo namna mbili za kumngoja mwenye njia. Ya kwanza ni kuifumbia macho njia hata ikawa ya kila mtu. Ya pili ni kuifunga hata isiwe ya mtu yeyote. Nitakuambia mapema kwamba namna zote mbili zinanichukiza, lakini si haki nikuombe uniamini kabla hujasikia hoja.

Nianze na hoja ya wenye kufunga, maana ina nguvu kuliko watu wengi wadhanivyo. Mara ya kwanza nilipoona kituo cha mwendokasi nilijiuliza kwa nini daladala zisiingie humo zikapakia watu. Kisha nikatazama milango. Kituo kimejengwa katikati ya barabara, na sakafu yake imeinuliwa iwe sawa na sakafu ya basi, ili mzee au mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kupanda ngazi. Kwa kuwa twaendesha upande wa kushoto, basi lisimamapo hapo lina kituo upande wake wa kulia; kwa hiyo milango ya mabasi hayo imewekwa kulia. Daladala ina mlango kushoto. Ikisimama katika njia ile, abiria atashuka upande wa barabara ya magari mengine badala ya kushukia kituoni, na huenda asifike ng'ambo akiwa mzima. Njia ya reli ina matatizo zaidi: kuna nyaya za umeme juu, kuna reli ziwezazo kumwangusha mwenye pikipiki siku ya mvua, na kuna siku za majaribio ambazo treni hupita bila abiria na bila ratiba ijulikanayo na watu. Kwa hiyo asemaye kwa wepesi, "Fungueni tu," hajaitazama milango.

Walakini hoja hiyo inatufundisha jinsi ya kufungua. Haitufundishi kwamba tusifungue. Basi lisilosimama njiani, lipitalo moja kwa moja kutoka mwisho wa mji mpaka katikati, halihitaji mlango wa kulia. Siku za majaribio zaweza kutangazwa. Mambo ya milango ni mambo ya milango, tusiyape cheo cha haki.

Hoja iliyo nzito ni nyingine, nayo ni ya mazoea. Husemwa kwamba umruhusupo mtu kutumia kitu kisicho chake, hata kwa siku chache, hukoma kukiona kama kitu cha kuazimwa. Leo atashukuru, kesho atazoea, keshokutwa atadai. Siku treni zitakapofika, mabasi yatakataa kutoka. Wenye mabasi watagoma, abiria watalalamika, mwanasiasa atasimama juu ya gari na kuahidi kuwatetea, na treni iliyogharimu mabilioni itakwenda nyuma ya basi bovu litoalo moshi. Heri, wasema hao, kutompa mtu onjo la asali utakayomnyang'anya.

Usiipuuze hoja hiyo. Treni za abiria kati ya Nairobi na Kisumu, zipitazo Nakuru, zilikoma kwa miaka mingi, nazo zilirejea Desemba 2021 baada ya reli kutoka Nakuru hadi Kisumu kutengenezwa upya. Katika miaka ile ya kimya watu walijenga vibanda katika ardhi ya reli mjini Kisumu, wakauza na kununua, wakasomesha watoto kwa faida waliyopata hapo. Reli ilipotakiwa tena, vibanda vikabomolewa. Ukimuuliza mwenye reli atakuambia, ardhi ilikuwa yetu tangu mwanzo, na atakuwa amesema kweli. Ukimuuliza mwenye kibanda atakuambia, miaka yote hiyo mlinitazama mkanyamaza, naye pia atakuwa amesema kweli. Hebu fikiri, msomaji, ni nani aliyezifanya kweli mbili zigombane?

Mimi nililipata jibu langu mapema, wala sikulipata chuoni. Nililipata penye bomba la maji, nilipokuwa kijana hapa hapa Bahati.

Juu ya mtelemko wetu, karibu na msitu, palijengwa tangi la maji ya chemchemi, na bomba likashushwa hadi kando ya njia, mahali ambapo akina mama wa chini wangeweza kuteka. Kazi ilikwisha wakati wa kiangazi. Tangi likajaa. Lakini mita za kupimia maji zilikuwa hazijaletwa, na kamati iliyosimamia mradi ikaona si vema maji yatoke bila kupimwa, ikatia kufuli. Kufuli lile lilikaa miezi minane. Mama yangu alipita mbele yake kila asubuhi na kila jioni na mtungi mgongoni, akishuka mtoni na kupanda, na nyakati nyingine tulisikia tangi likifurika na maji yakimwagika porini usiku.

Mwishowe watu walinung'unika hata kamati ikachoka. Siku moja kufuli halikuonekana. Hapana mkutano ulioitwa. Hapana aliyesema maji haya ni ya muda, wala ni ya nani kwanza, wala yatafungwa lini. Tuliamka tukakuta bomba li wazi. Furaha yetu haisemeki. Kwa wiki chache mama hakwenda mtoni. Kisha jirani mmoja wa juu akaunganisha mpira wa maji ukaenda mpaka kwenye kabichi zake. Wa pili akamwona akafanya vivyo. Baada ya mwaka mmoja mashamba matano ya kabichi na sukuma wiki yalisimama hapo juu mabichi wakati wa ukame, na bomba la chini likatoa maji kwa kudondoka, tone baada ya tone, mpaka likanyamaza.

Mita zilipokuja, wale wakulima watano walikataa kuondoa mipira yao. Nawajua wote, wala hakuna mwizi kati yao. Mmoja alikuwa amekopa fedha za mbegu na mbolea kwa kutumainia maji yale. Alisimama mbele ya kamati akauliza: "Mlipofungua mlimwambia nani kwamba mtafunga?" Kamati haikuwa na la kujibu. Ugomvi ulikaa misimu miwili, nyumba hazikusalimiana, na mpira mmoja ulikatwa kwa panga usiku.

Sasa, yule asemaye mazoea huzaa madai atashika hadithi hii kwa mikono miwili, aseme, "Umeona? Wasingefungua." Lakini nilimsikia mama akiizungumza habari hiyo mara nyingi baadaye, na hakuna siku niliyomsikia akizilaumu kabichi. Alilaumu kufuli. "Ile miezi minane," alikuwa akisema, "ni nani atakayenirudishia?" Kwake yeye maji yaliyomwagika porini, ilhali yeye yu njiani kwenda mtoni, yalikuwa dhuluma kubwa kuliko maji yaliyonywewa na kabichi; maana kabichi angalau zililiwa na mtu.

Nimeyapima maneno yake miaka mingi nikaona yana haki ndani yake. Kuacha kitu tupu si kutofanya kitu. Mwenye kuifunga njia huona kwamba hajamdhuru mtu, kwa kuwa watu wanakwenda kama walivyokuwa wakienda jana. Sivyo. Zamani aliyechelewa alichelewa kwa kuwa njia haikuwapo. Sasa anachelewa kwa kuwa njia ipo naye amekatazwa kuipita. Njia ile imejengwa kwa fedha zake, au kwa mkopo atakaoulipa yeye na watoto wake. Riba ya mkopo haingoji mabasi. Tena wakati wa mtu hauwekwi ghalani: saa moja aliyoipoteza mwuza mboga wa Mbagala mwaka 2024 haikuhifadhiwa mahali apewe mwaka 2025. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na ni vizuri kuuliza kila mara ni matumbo ya nani. Aliyeamua kwamba njia ingoje, aghalabu hasafiri kwa daladala.

Basi tumefika mahali ambapo kufunga ni dhuluma, na kufungua kimya kimya ni kupanda ugomvi. Hapa sheria yetu yaweza kutusaidia kwa namna ambayo yaonekana ajabu mwanzoni. Katika Kenya, mtu akikalia shamba la mwenziwe waziwazi kwa miaka 12, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, aweza kwenda mahakamani kudai kwamba limekuwa lake. Sheria hiyo haigusi ardhi ya umma, kwa hiyo hapana mwenye matatu atakayeipata barabara ya Thika kwa njia hiyo. Lakini yasome tena maneno yale: bila ruhusa. Aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kudai hata akikaa miaka 40, kwa sababu ruhusa yenyewe ni ushahidi kwamba kitu kina mwenyewe. Mtu akisema "nimekukaribisha", amekwisha kusema "hapa ni pangu". Anyamazaye ndiye apoteaye, si yule akaribishaye.

Hapo ndipo kosa la kamati yetu. Ilidhani kwamba kunyamaza ni upole, na kwamba kutamka masharti ni ukali. Ilikuwa kinyume chake. Na hapo ndipo kosa la mstari mwekundu wa Thika. Wangetangaza: "Kuanzia leo mpaka mabasi yafike, matatu na mabasi yenye abiria zitapita ndani ya mstari huu, magari mengine hayatapita, na siku 30 kabla ya mabasi kuanza tutawatangazia mtoke," mambo mawili yangekuwa yamefanyika pamoja. Abiria wangepata nafuu yao, na mstari ungekaa hai. Kila siku ambayo gari la mtu binafsi lingezuiwa kuingia ingekuwa siku ya kuwakumbusha watu kwamba njia ina mwenyewe.

Hujaridhika? Waniuliza ni wapi wenye kuazima walipata kutoka kwa amani? Nitakupeleka mbali kidogo, mpaka Seattle katika Marekani, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo jambo hili lilifanyika wazi namna hiyo. Mwaka 1990 mji huo ulifungua njia iliyochimbwa chini ya ardhi katikati ya mji. Iliwekwa reli sakafuni tangu mwanzo, kwa ajili ya treni za siku zijazo, lakini waliopita humo walikuwa mabasi. Mwaka 2005 njia ikafungwa kwa miaka miwili ili itengenezwe. Mwaka 2009 treni zikaja. Na kwa karibu miaka 10 mabasi na treni vikatumia njia moja na vituo vile vile. Machi 2019 mabasi yakatoka, yakarudi kwenye barabara za juu, na treni zikabaki peke yake. Sisemi abiria wa mabasi walifurahi. Mtu arudishwaye juani hafurahi. Lakini walijua tangu mwanzo kwamba walikuwa wageni humo.

Nami siwezi kuacha mji huo bila kukuonyesha kichekesho kilichomo. Zile reli zilizolazwa kwa ajili ya treni mwaka 1990 hazikupata kubeba treni ya abiria hata moja. Wakati wa matengenezo ilionekana kwamba hazikuwekewa kinga ya kutosha kuzuia umeme usivuje ardhini, zikang'olewa, zikalazwa nyingine. Kama wangeifunga njia kwa miaka ile yote ili kuzitunza reli, wangekuwa wametunza chuma kisichofaa, na mamilioni ya watu wangekuwa wametembea juu ya njia tupu kwa ajili ya heshima ya chuma hicho. Tunapomngoja mwenye njia tunadhani tunajua atakuja na nini. Hatujui sana.

Sasa nitakuletea hoja moja ambayo kwa kweli imenisumbua kuliko zote, na sina hakika kwamba nimeishinda. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliileta katika mjadala wa darasani, wakati wenziwe wote walipokuwa wamekwisha kukubaliana kwamba njia ifunguliwe. Alisema hivi: "Mwalimu, njia tupu ni shahidi. Kila apitaye huiona na kuuliza, mabasi yako wapi? Fedha ziko wapi? Mkiijaza matatu, shahidi atanyamaza. Wakubwa watasema, si mnapita? Mnataka nini tena? Na mabasi hayatakuja kamwe." Darasa lilinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na kengele ikaniokoa.

Nimemfikiria sana kijana yule. Alikuwa ameona jambo ambalo wapangaji wa miji hawapendi kuliandika: kwamba aibu ni mashine, na kwamba kuna ahadi nyingi zilizotimizwa kwa sababu tu kutotimizwa kwake kulionekana na kila mtu. Ahadi ni deni. Na mdai akipewa kitu kidogo cha kumtuliza, mdaiwa hulala usingizi. Barabara ya Thika inampa ushahidi. Kwa kuwa kila mtu alipita juu ya mstari, haikuonekana kwamba kuna kitu kinachokosekana, na hapana aliyekuwa na haraka.

Hata hivyo nina neno la kumjibu, ijapokuwa limechelewa, maana amekwisha kumaliza shule. Shahidi huyo wa njia tupu analipwa na nani? Mbagala hakulipwa na waziri, wala na mkandarasi. Alilipwa na mwuza mboga, saa moja kila siku. Ikiwa twataka kuwaaibisha wakubwa, tutafute shahidi ambaye gharama yake haimwangukii maskini. Tangazo la ruhusa lenyewe laweza kufanya kazi hiyo, kama limeandikwa vizuri: libandikwe katika kila kituo, liseme njia hii imejengwa kwa ajili ya treni, treni ziliahidiwa mwaka fulani, hazijaja, na mpaka zije mnapita kwa sababu hiyo. Abiria angelisoma kila asubuhi. Sidhani kwamba shahidi wa namna hiyo angekuwa kimya kuliko ukingo wa zege.

Je, wakubwa wataandika tangazo la kujishuhudia? Hapo ndipo kijana yule angenikamata tena, nami namwachia nafasi hiyo.

Limebaki jambo moja la ni nani aingie, nami sitakaa nalo sana. Ruhusa ni ya abiria, si ya chombo. Matatu ina watu 14, basi la kawaida lina watu 30 na zaidi, basi kubwa la mwendokasi huchukua watu wapatao 150. Gari la mtu mmoja, hata liwe zuri namna gani, lina mtu mmoja. Magari madogo yakiingia, njia itajaa kwa siku mbili na hapana atakayekuwa amesaidiwa. Gari la wagonjwa na gari la zima moto ni jambo jingine, na sijapata kumsikia mtu mwenye akili akibishana juu yake.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumtazama mpwa wangu, ilikuwa siku ya kumaliza masomo yake, nilikaa mbele karibu na dereva wa matatu. Asubuhi ile foleni ilianzia mbali. Mstari mwekundu ulionekana kwa vipande vipande chini ya vumbi, na ndani yake magari madogo yalikuwa yamesimama kama sisi. Nilimwuliza dereva kama anajua mstari ule ni wa nini. Alijua vizuri sana. Alinieleza habari za mabasi makubwa kuliko nilivyojua mimi, hata akaniambia mahali vituo vilikokusudiwa kuwekwa. Nikamwuliza, "Na siku utakapolisikia basi hilo likipiga honi nyuma yako, utatoka?"

Alicheka, akabadili gia. "Mwalimu," alisema, "lije kwanza."

Gari lililokuwa mbele yetu ndani ya mstari lilisogea hatua chache. Ndani yake mlikuwa na mtu mmoja, anazungumza kwenye simu. Dereva wetu akapinda usukani, akaingiza pua ya matatu katika nafasi ile, na sisi 14 tukaenda nyuma yake.